Nyeupe mbili zilizoninyima raha jikoni

Kazi ilikuwa imeisha. Brashi zimeoshwa, magazeti yametolewa sakafuni, milango yote ya makabati imerudi mahali pake, jua limeshazama, nikawasha taa ya jikoni ili niangalie matunda ya wiki mbili za kupiga msasa na kupaka. Nikasimama pale mlangoni muda mrefu. Makabati yalikuwa na uwaridi fulani, sio pinki ya kusema hii ni pinki, ila ule wekundu mdogo kama wa kucha iliyosafishwa vizuri, na fremu ya mlango pale pale pembeni yake ilikuwa njano. Mchana wa siku hiyo hiyo vyote viwili vilikuwa rangi moja, nilikuwa nimeviangalia kwa macho yangu, nikaita na watu waangalie, wote wakasema imekaa sawa kabisa.

Nilichofanya kabla ya hapo kilikuwa cha busara, au ndivyo nilivyoamini. Fremu za mlango na dirisha na ule ubao unaozunguka chini ya ukuta vilipakwa miaka kadhaa iliyopita na rangi ya mafuta, nyeupe, na bado vilikuwa vizima havijachubuka, kwa hiyo sikutaka kuvigusa. Nilichotaka ni makabati yafanane navyo. Nikabandua kipande kifupi cha ubao nyuma ya friji nikakipeleka dukani, kijana akakiweka chini ya kile kifaa cha kusoma rangi, mashine ikatoa fomula, ikadondosha vitone kwenye kopo, kopo likatikiswa, akapaka kidogo juu ya kipande changu akakausha, na kweli hukuona mpaka. Nikalipa nikaondoka na furaha yangu.

Hiyo mashine haikukosea, na kijana naye hakukosea. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa na ndilo limenifanya niandike yote haya, kwa sababu naona watu wengi wanapita njia hiyo hiyo, wanaishia kumlaumu fundi au duka au macho yao wenyewe.

Rangi unayoiona kwenye ubao ni mwanga uliogonga pale ukarudi. Rangi nyeupe karibu zote weupe wake unatokana na unga mmoja, titani dioksaidi, alafu juu ya hapo wanaongeza vitone vya rangi nyingine ili nyeupe iwe ya maziwa, au ya majivu, au ya kibuluu: oksaidi ya chuma ya njano, oksaidi ya chuma nyekundu, nyeusi ya kaboni, na kadhalika. Sasa unaweza kufika kwenye nyeupe ile ile kwa njia tofauti. Fremu zangu unjano wake ulitokana na mafuta yenyewe kuzeeka. Kopo langu jipya, nilikuja kusoma ile lebo ya fomula kwenye kifuniko, lilifikia unjano ule ule kwa kuchanganya njano, nyekundu na nyeusi kidogo. Chini ya taa nyeupe za dukani zinakutana. Ukizipeleka chini ya balbu ya nyumbani, ile yenye mwanga wa njano ambayo kwenye boksi wameandika 2700K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga umejaa wekundu na unjano na una buluu kidogo sana, kila mchanganyiko unaurudisha kwa namna yake na zile pacha zinaachana. Wataalamu wana jina lake refu lakini jambo lenyewe ni hilo, rangi mbili zinazofanana kwenye mwanga mmoja hazina mkataba wa kufanana kwenye mwanga mwingine.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabla hata ya kwenda dukani ni kujua jikoni kwako unatumia mwanga gani, na kama una mpango wa kubadilisha balbu basi badilisha kwanza, alafu ndio uchague rangi. Nasema hivi kwa sababu nimeona mtu anamaliza kupaka, wiki inayofuata anaweka balbu mpya za 6500K zile nyeupe za kibuluu, na krimu yake nzuri inageuka ya kijivu mgonjwa. Mimi jikoni napenda karibu na 3000K mpaka 4000K, na kwenye boksi natafuta herufi CRI, namba ikiwa 90 au zaidi hiyo balbu inaonyesha rangi kwa uaminifu zaidi. Balbu za CRI ya chini zinaua wekundu, kila kitu kinapooza.

Jambo la pili ni mafuta na maji. Rangi ya mafuta nyeupe inageuka njano kadiri inavyokaa, na cha ajabu inageuka zaidi gizani. Nilithibitisha hili siku niliyosogeza friji: ubao uliokuwa nyuma yake ulikuwa njano kuliko ule wa karibu na dirisha, ingawa vyote vilipakwa siku moja kutoka kopo moja. Mwanga wa mchana unauzuia unjano kidogo, giza linauacha uendelee. Ndani ya makabati ni giza muda mwingi, kwa hiyo ukipaka mafuta huko ndani ujue nyeupe ya mwaka wa kwanza sio nyeupe ya mwaka wa tano. Na mimi kipande nilichokipeleka kusomwa nilikitoa nyuma ya friji! Yaani niliomba makabati yote yafanane na kona iliyozeeka kuliko zote. Rangi za maji za akriliki kwa upande wake hazigeuki hivyo, zinabaki karibu na zilivyokuwa. Ukioanisha moja na nyingine leo, moja inaendelea na safari na nyingine imesimama, baada ya miaka miwili mitatu hazipo pamoja tena hata kama leo umepatia kabisa.

Alafu kuna mng'ao. Hapa ndipo naona hata mafundi wazuri wanateleza. Rangi ile ile, fomula ile ile, ukiichukua isiyong'aa na ukaichukua inayong'aa, ukazipaka pembeni kwa pembeni, utaapa ni rangi mbili. Uso usiong'aa unatawanya mwanga kila upande kwa hiyo rangi inaonekana nyepesi kidogo, kama imepitiwa na vumbi la chaki. Uso unaong'aa unarudisha mwanga upande mmoja kama kioo, ukisimama nje ya ule mrejesho unaona rangi imezama zaidi, ukisimama ndani yake unaona weupe wa dirisha tu. Na juu ya hapo kinachong'aa kinachukua rangi za jirani. Sakafu yangu ni nyekundu ya matofali na milango ya makabati ya chini, iliyopakwa rangi yenye nusu mng'ao, ilikuwa inakunywa wekundu wa sakafu mchana kutwa. Makabati ya juu hayakuwa hivyo. Ukiwa na miti ya kijani nje ya dirisha ni vile vile, kijani kinaingia ndani na kukaa kwenye milango.

Haya, sasa nilifanya nini. Kwanza nilikaa wiki nzima bila kugusa kitu, nikawa naangalia tu. Asubuhi, saa sita, saa kumi, usiku taa ikiwaka, siku ya mawingu. Nakushauri na wewe uwe na hiyo wiki, ila yako iwe kabla ya kupaka.

Alafu nikatengeneza mbao za majaribio. Sio kile kikaratasi cha dukani chenye ukubwa wa kidole gumba, hicho kinakusaidia kukataa rangi, hakikusaidii kuikubali. Chukua karatasi ngumu nyeupe ya A3 au kipande cha plaiwudi, kipake mikono miwili kamili ya rangi yenyewe kwa mng'ao ule ule utakaotumia, acha kikauke mpaka kesho, ndio uanze kutembea nacho. Rangi ya maji ikiwa mbichi ni kama imechanganywa na maziwa, ikikauka inakolea, kwa hiyo usiihukumu ikiwa na unyevu. Kisimamishe wima kwenye mlango wa kabati kwa sababu makabati yamesimama wima, ukikilaza mezani kinapokea mwanga wa dari na kitaonekana cheupe kuliko ukweli. Kiweke pembeni ya kaunta, kiguse vigae, kishushe mpaka sakafuni, kiingize kwenye kona ya giza chini ya kabati la juu. Na usipake jaribio moja kwa moja kwenye mlango wa zamani, maana rangi ya zamani itakuwa imeizunguka na jicho lako litadanganywa.

Kuhusu jicho kudanganywa, kuna habari naipenda sana. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia utiaji rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins pale Paris, kuanzia 1824. Wakawa wanamletea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu, zimepauka. Akazichunguza nyuzi, akazilinganisha na nyeusi za karakana nyingine, akakuta rangi haina kasoro. Tatizo lilikuwa majirani: nyeusi ikifumwa pembeni ya buluu na zambarau inapoteza makali yake machoni. Mwaka 1839 akachapisha kazi kubwa juu ya namna rangi zinavyobadilishana zikikaa pamoja. Nikiwa nimekaa mbele ya makabati yangu yenye uwaridi nikamkumbuka huyo mzee, kwa sababu sehemu ya ule uwaridi haikuwepo kwenye kopo kabisa, ilikuwa inasukumwa na unjano wa fremu iliyo pembeni. Nilipoziba fremu kwa karatasi makabati yakatulia karibu nusu. Jaribu na wewe, ziba kimoja uangalie kingine kitafanya nini.

Na ndio maana nyeupe ikiwa peke yake huwezi kuijua. Ukitaka kuona rangi iliyojificha ndani ya nyeupe weka nyeupe tano pamoja, utaona papo hapo hii ina kijani, hii ina majivu, hii ina peichi. Watu wanatumia karatasi ya printa kama kipimo na mimi nilifanya hivyo, lakini karatasi nyingi za printa zimewekewa kemikali ya kuzing'arisha kwa kibuluu, kwa hiyo ukilinganisha nayo kila rangi duniani itaonekana chafu ya njano. Bora nyeupe kwa nyeupe.

Kitu ambacho hubadilishi ndicho kinachochagua. Kaunta, vigae, sakafu, hivyo ni vya gharama na vipo vipo. Kaunta yangu ni ya kijivu yenye madoa ya kahawia, ina joto ndani yake, nikajaribu nyeupe moja safi sana ya kibuluu ambayo kwenye picha ilikuwa inapendeza mno na ikaifanya kaunta ionekane haijafutwa. Nyeupe yenye chembe ya kijivu cha joto ikaipokea. Ukiangalia nyuma ya kikaratasi cha rangi au kwenye maelezo yake utakuta mara nyingi namba wanaiita LRV, inaanzia 0 kwa nyeusi kabisa mpaka 100 kwa nyeupe kabisa, inakuambia rangi inarudisha mwanga kiasi gani. Jiko langu lina dirisha moja dogo, nilikuwa nakwenda kwenye 80 na kitu. Ukishuka sana kwenye jiko lenye giza usitegemee taa ikuokoe.

Sasa swali lenyewe la fremu na makabati. Nimefikia msimamo na nitausema wazi: ama viwe kitu kimoja kabisa, ama vitofautiane kiasi kwamba mtu aliyesimama mlangoni anaona ulikusudia. Kile kinachokera ni nyeupe mbili zinazokaribiana. Jicho linaona tofauti lakini halioni sababu, kwa hiyo linasoma kosa, au uchafu, au kwamba rangi iliisha kopo likaongezwa. Na kufananisha kipya na cha zamani karibu kila mara kunakupeleka hapo hapo kwenye kukaribiana.

Ukitaka kitu kimoja, basi ni kopo moja kwa vyote. Aina moja ya rangi, mng'ao mmoja, na makopo yote unayamimina kwenye ndoo moja kubwa unakoroga pamoja kabla ya kuanza, maana hata fomula ile ile ikichanganywa siku mbili tofauti inaweza kupishana kidogo. Piga hesabu mapema usije ukarudi dukani katikati ya kazi. Milango 14 ya sentimita 40 kwa 70 ikipakwa pande zote mbili ni kama mita za mraba 8, ongeza nyuso za droo na mbao za mbele za kabati ufike kwenye 10, rangi nyingi lita moja inafunika mita za mraba 10 mpaka 12 kwa mkono mmoja, mikono miwili ni lita 2, fremu na ubao wa chini juu yake. Nunua na ya akiba.

Ukitaka tofauti, ifanye iwe tofauti. Fremu nyeupe safi na makabati ya kijani kilichotulia, au ya buluu nzito, au hata ya rangi ya mchanga uliokolea, hapo hakuna wa kuuliza. Ukienda kwenye rangi nzito kumbuka inaonyesha kila alama ya kidole na kila mkwaruzo, na inahitaji beisi yake maalumu dukani, yaani kopo la rangi ya msingi ambalo bado halijadondoshewa vitone. Huwezi kubeba nyeupe ukaomba waidondoshee mpaka iwe buluu nzito, titani iliyomo itaishia kukupa buluu ya maziwa.

Mimi nilichagua kitu kimoja. Ikabidi nipige msasa fremu zote za mafuta na kuzipaka upya, kazi niliyoikwepa mwanzoni ikanirudia yote. Na kama nyumba yako ni ya zamani simama hapo kwanza, rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, Marekani kwa mfano waliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Ipime kabla hujaanza kukwangua.

Maandalizi nitayapitia haraka ila sio kwa sababu hayana maana. Ng'oa milango, ng'oa vishikio na bawaba, kila mlango upe namba uiandike pale bawaba inapokaa ufunike kwa mkanda, milango inayofanana kwa macho haifanani kwenye matundu ya skrubu. Osha mafuta ya mapishi kwanza, alafu msasa, sio kinyume chake, ukianza na msasa unayasukumia mafuta ndani ya ubao na rangi itakuja kubanduka kama ngozi ya kuungua. Juu ya jiko na kuzunguka vishikio osha mara mbili. Msasa wa 120 au 150 kuondoa ule mng'ao wa zamani, futa vumbi, praima ya kushika (rangi ya kwanza inayoshikilia zinazofuata), msasa wa 220 kwa mkono mwepesi, alafu mikono miwili ya rangi ya makabati. Rangi ya ukutani usiiweke kwenye makabati hata ikiwa ndiyo rangi unayoipenda, haijatengenezwa kuguswa mara mia kwa siku. Ubao wenye vifundo utatoa maji ya mti ya njano au ya kahawia yapite kwenye nyeupe yako, hapo praima ya shelaki ndiyo inayozuia, nilikuwa na milango miwili ya namna hiyo na nyeupe bila shelaki ilitoka madoa ndani ya siku tatu.

Na subira. Rangi ya maji inakauka kuguswa ndani ya saa moja hivi lakini kukomaa ni mpaka wiki nne. Kabla ya hapo mlango ukifungwa unanatana na fremu, ukiuvuta rangi inabaki upande wa pili. Mimi mara ya pili niliacha jiko bila milango siku kumi, vyombo vyote vinaonekana, wala sikujali.

Mdogo wangu alikuja akapenda, akataka jina la rangi. Nikamwambia jina nitakupa lakini chukua na hii mbao kwanza, nikampa ile A3 yangu. Usiku akanipigia.

"Dada, hii mbao yako huku kwangu ni ya kijani."

Nikamuuliza balbu zako zimeandikwaje, akapanda kwenye kiti akasoma, 6500K, na dirisha lake linaangalia mti. Kaunta yake nayo ni nyeusi. Tumeshajaribu mbao nne mpaka sasa, tatu amezikataa, ya nne yenye chembe ya krimu ameiacha imesimama pembeni ya sinki na ataiangalia mpaka Jumapili.